Nani Atampikia Kornel

Muuguzi alikitazama kipimo, akamtazama Kornel, kisha akamgeukia mke wake.

"Mama, huyu mzee unampikia nini?"

Edina aliona uso ukimchoma. Mlango wa kliniki ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa wanawake wawili wa jumuiya yake ya parokiani. Hawakuwa na haja ya kutega sikio. Sauti ya muuguzi iliwafikia yenyewe. Angeweza kujibu kwamba mume wake huwa nyumbani siku chache tu kwa mwezi, na kwamba chakula cha dereva wa masafa hupikwa na yeyote aliye karibu na mahali gari liliposimama. Badala yake alisema, "Ugali, sista. Na mboga."

"Ugali wa sembe?"

"Wa sembe."

"Umeona sasa," alisema muuguzi, kama aliyekamata mwizi.

Kornel alikuwa akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, miguu myembamba, na tumbo ambalo madereva wenzake waliliita tumbo la usukani. Kilichomleta hospitali ni macho. Siku chache nyuma, akirudisha semi kinyumenyume katika yadi ya Ruangwa, aliona nguzo mbili za geti mahali pa moja, akaikwepa ile isiyokuwepo. Taa za tela zilivunjika. Rahimu, kijana aliyekuwa msimamizi wa magari, alimwambia, "Mzee, umeanza kuzeeka," lakini hakucheka.

Sasa ilijulikana. Sukari ilikuwa juu, presha nayo ilikuwa juu. Muuguzi alitoa maelekezo kwa haraka kama mtu anayesoma matangazo ya misa: ale dona, si sembe, mboga za majani zijae nusu ya sahani, aache soda, chipsi na chai ya sukari, chumvi na mafuta apunguze, ale kwa wakati, kidogo kidogo, asirundike mlo mmoja. Vidonge ameze asubuhi na jioni. "Na hivi usivimeze ukakaa na njaa. Vitakuangusha."

"Sista," alisema Kornel, "mimi nakula gari likisimama. Na gari halisimami ninapotaka mimi. Linasimama kwenye mizani, kwenye foleni, au askari akinyoosha mkono. Ukikuta chipsi hapo, unakula chipsi."

"Basi tafuta gari linalosimama mahali pengine," alisema muuguzi, akaita jina la mgonjwa mwingine.

Walirudi nyumbani, mtaa wa Stesheni, kwa miguu, Kornel akitangulia. Karibu na soko la Nachingwea alipunguza mwendo mpaka mke wake akamfikia.

"Usimwambie mtu. Hata Happy akipiga simu kutoka shule. Hata mama."

"Mama anaishi nasi ndani, Baba Happy. Nitamfichaje?"

"Mfiche. Mikataba inaisha, na safari hii wanatupima wote kabla ya kusaini. Ukikutwa na sukari unaambiwa ukapumzike. Alfred aliambiwa apumzike. Unajua yuko wapi sasa? Nambilanje, anasukuma baiskeli ya mkaa."

"Kupumzika ni kitu kibaya?"

"Kupumzika bila mshahara ni kufukuzwa. Wamechagua tu neno zuri."

Edina alifikiria ada ya Happy, bati zilizofunika nusu ya nyumba, na mama mkwe wake, bibi Lusiana, ambaye tangu afiwe na mumewe hakuwa na mtoto mwingine wa kumkimbilia. Kila alipogeuza mawazo alikuta gari la Kornel limesimama mlangoni.

* * *

Alianza kupika upya, kama bibi harusi. Alisaga mahindi bila kukoboa, akachemsha kunde bila nazi, akatia kisamvu kwenye sufuria bila kumimina mafuta. Bibi Lusiana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, cha nyumbani kikiwa Kimwera, alionja akaweka tonge chini.

"Mwanangu unamlisha kama mfungwa," alisema.

"Ndivyo anavyotaka mwenyewe, mama."

"Kornel? Huyu aliyekuwa analamba mafuta ya chungu?"

Siku ya safari Edina alifunga mahotipoti matatu ndani ya kapu, akalipandisha kwenye kabini kwa mikono yake. Kornel angepakia ufuta Ruangwa, aende Dar es Salaam, na huko apewe mzigo wa mbolea mpaka mpakani Tunduma. Zamani alikuwa na utingo wa kumsaidia kuchemsha chochote njiani, lakini kampuni iliondoa utingo kupunguza gharama. Alikuwa peke yake na redio.

Aliporudi, mahotipoti yalikuwa matupu na safi. Edina alifurahi mpaka alipomsindikiza kliniki. Kipimo kilikuwa kimepanda kuliko mara ya kwanza, na muuguzi safari hii hakuuliza kitu. Alimtazama tu Edina kuanzia kilemba mpaka kandambili.

"Chakula ulikula?" Edina alimuuliza mume wake walipofika nyumbani.

Kornel alikuwa akivua soksi. Alichukua muda mrefu na ile ya pili. "Nilikaa foleni Ruangwa, Mama Happy. Kabini lile ni oveni. Siku ya pili kisamvu kilikuwa kinatoa povu. Ningekula nife?"

"Ukala nini?"

"Nilichokikuta."

Edina aliyachukua mahotipoti akayapeleka uani kuyasuuza. Hapo ndipo alipoyaangalia vizuri. Yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu mpaka kwenye mikunjo ya chini, yakang'aa. Kornel hakuwahi kusugua chombo maishani mwake. Hii ilikuwa kazi ya mwanamke, tena mwanamke aliyejua kwamba chombo kitarudi kwa mwanamke mwenzake na hakutaka kusemwa. Edina alikaa na hotipoti mapajani mpaka bibi Lusiana akamwita kuuliza kama maji ya kuoga yako tayari.

* * *

Safari iliyofuata Kornel alipiga simu kutoka Ruangwa. Foleni ya kupakia ilikuwa imefika barabarani. Hakuwa mbali na nyumbani, lakini hakuweza kuliacha gari: foleni ikisogea na dereva hayupo, anarudishwa mkiani. Edina alimwachia jirani bibi Lusiana, akapika alfajiri, na kabla jua halijawa kali alikuwa Ruangwa na kapu lake, akiuliza madereva wanakula wapi.

Alielekezwa kibanda cha bati mbele ya maghala. Mwanamke wa rika lake, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani, alikuwa akikoroga sufuria ya supu.

"Karibu dada. Chai au supu?"

"Namtafuta dereva Kornel."

Yule mwanamke alitazama kapu. Aliyatazama mahotipoti yaliyochungulia chini ya kitambaa, na mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Wewe ndiye Mama Happy," alisema taratibu. "Mimi ni Mwamina. Yule pale."

Kornel alikuwa ameketi mwisho wa benchi pamoja na Selestini na madereva wengine. Mbele yake kulikuwa na bakuli la supu ya utumbo lenye mafuta yaliyoelea, chapati mbili, na soda iliyofika nusu. Alipomwona mke wake alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa jina. Nyuma ya kibanda, kwenye kamba, Edina aliliona shati la buluu lenye jina la kampuni mgongoni. Kiraka cha kwapani alikishona yeye mwenyewe.

"Shemeji!" alisema Selestini, mtu mwenye mdomo mkubwa na moyo usio na siri. "Umekuja kutukagua?"

"Nimemletea chakula."

Akafunua. Dona lilikuwa limepoa likawa na rangi ya udongo, mlenda ulikuwa umetulia, dagaa walikuwa wa kuchemsha. Madereva walinyoosha shingo.

"Huyu mzee yuko kwenye dozi nini?" aliuliza mmoja.

Ulikuwa utani, lakini Kornel aliganda. Rahimu alikuwa akija kutoka yadini, simu mkononi, na kila mtu benchini alijua kwamba lililosemwa mbele ya Selestini lingemfikia Rahimu kabla ya mchana. Kornel akacheka kwa sauti ambayo Edina hakuwahi kuisikia.

"Mwanamke huyu kasikiliza mambo ya kwenye simu," alisema. "Anataka nipungue nirudi kijana, aringe nami mtaani. Rudi nacho, Mama Happy. Mimi nimeshashiba." Akalisukuma hotipoti kwa mgongo wa mkono.

Watu walicheka. Rahimu alifika, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akatabasamu. "Lakini mzee uko fiti? Maana wiki ijayo daktari anakuja hapa hapa kuwapima."

"Fiti kama tairi jipya," alisema Kornel, akainua soda akainywa yote mbele yao.

Edina alifunika vyombo vyake kimoja kimoja. Kitambaa kilikataa kufungika. Mwamina alimfuata mpaka nyuma ya kibanda, chini ya ile kamba.

"Acha hapa, dada. Nitampa wakiondoka hawa."

"Kwani wewe unajua?"

"Najua nini?"

Edina alikuwa na neno moja tu la kusema: sukari. Alimwona yule mwanamke, kucha zake safi, majivu kwenye pipa pembeni, shati la mumewe likicheza upepo juu yao. "Hakuna," alisema. Akabeba kapu lake akaenda kutafuta gari la kurudi Nachingwea. Njiani aliwapa chakula watoto waliokuwa wanauza mabibo, nao wakala dona wakaacha mlenda.

* * *

Kornel naye alikuwa na hesabu zake. Kama chakula hakikuwezekana, vidonge viliwezekana. Alifikiri hivi: kidonge kimoja kinateremsha sukari kidogo, viwili vitateremsha zaidi, na mtu asipokula kabisa sukari haitakuwa na pa kutokea. Siku mbili kabla ya daktari kufika alimeza dozi mara dufu, akanywa maji, akakataa chai. Mchana akameza tena.

Mwamina alimwona akija kuelekea kibandani, shati limelowa jasho, akitembea kama anayetafuta kitu alichodondosha. Alimwita, naye akajibu maneno yasiyoeleweka. Kisha magoti yakakunjika. Aliangukia kwenye mlango wa jiko, upande wa ndani, na hiyo ilikuwa bahati yake. Madereva walikuwa kivulini upande wa pili wakicheza karata.

Mwamina alikuwa na kaka kule Nandagala aliyekuwa na sukari, hivyo alilifahamu jasho lile. Hakupiga kelele, maana daktari wa kampuni alikuwa anakuja keshokutwa. Alimvuta kwa makwapa mpaka nyuma ya magunia ya mkaa, akakoroga sukari kwenye kikombe, akaona hawezi kunywa vizuri, basi akampaka ndani ya shavu kwa kidole, tena na tena, akimwita jina. Selestini alichungulia.

"Kornel yuko wapi? Zamu yake kutupa karata."

"Ameenda msalani. Tumbo linamsumbua."

"Supu yako hiyo!" alisema Selestini, akaondoka akicheka.

Kornel alipofumbua macho, aliweza kunywa. Mwamina alimwangalia mpaka rangi ikarudi midomoni. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake, akatoa vidonge, akavisoma, akachukua simu ya Kornel na kutafuta namba ya Mama Happy.

"Usimpigie," alisema Kornel.

"Nyamaza," alisema Mwamina. "Mwaka mzima nakutilia vijiko vinne kwenye chai. Nyamaza kabisa."

* * *

Edina alifika alasiri. Kornel alikuwa amekwishapelekwa kulala kwenye kabini, na Mwamina alikuwa akichambua mchicha. Hakusimama kumpokea.

"Ulisimama hapa hapa," alisema. "Nikakuuliza, najua nini? Ukasema hakuna. Angekufa jikoni kwangu, dada. Ningekuwa mimi ndiye niliyemuua, kwa mkono wangu, kwa chai yangu, na watoto wangu wangeambiwa hivyo."

"Nilikuwa nimemwahidi."

"Umemwahidi yeye. Mimi je?"

Edina alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amekuja na maneno mengine, maneno aliyoyapanga njia nzima, na sasa hayakuwa na pa kuingilia. Mwishowe alisema, "Shati lake nililiona kwenye kamba yako."

Mwamina aliendelea kuchambua. Alitupa majani mabovu, akapanga mazuri. "Sitakudanganya. Masika iliyopita, barabara ilipokatika, magari yalikaa hapa muda mrefu. Ilitokea. Halafu nikamwambia mimi nauza chakula, hayo mengine basi. Nguo namfulia, ananilipa kama wengine."

Huko nje mtu alipiga honi, gari likanguruma likasogea hatua chache, likazimwa tena.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza Edina. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kwa sababu keshokutwa anapimwa, na haondoki hapa mpaka apakie. Utapika kwenye jiko langu. Sitaki upike huku unajiuliza."

Edina alisimama. Alitaka kwenda, na aliona wazi pa kwenda: barabara, gari la abiria, nyumba yenye bati nusu, bibi Lusiana akiuliza mwanawe anaendeleaje. Na baada ya hapo? Kornel angerudi kwenye benchi lile lile, kwenye bakuli lile lile. Angempikia mahotipoti mengine yatoe povu. Alisimama hivyo mpaka miguu ikachoka, kisha akachukua kisu na fungu la mchicha, akaanza kukata. Alikata mpaka majani yakawa kama unga.

"Chumvi huwa unatia kiasi gani?" aliuliza.

"Kijiko."

"Iwe nusu. Na mafuta usimimine kutoka kwenye dumu. Pima."

"Kwa sufuria nzima?"

"Kwa sufuria nzima. Wengine watalalamika?"

"Watalalamika," alisema Mwamina. "Nitawaambia mafuta yamepanda bei. Hilo wataliamini."

Jua lilipoteremka, Edina alipeleka sahani kwenye gari. Kornel alikuwa ameketi kwenye kivuli cha tela, mgongo kwenye tairi. Aliona uso wa mke wake, akajua.

"Mama Happy..."

"Nimeshaambiwa."

Alifungua mdomo tena. Alitazama kokoto, alitazama viatu vyake. Mtu mwenye mabega yale, aliyewahi kuteremsha semi milimani breki zikiwa zimeshika moto, hakupata mahali pa kuweka macho.

"Kula," alisema Edina.

Akala. Alikula dona lote na mchicha wote, machozi yakimtiririka kwenye ndevu, na Edina alisimama juu yake kama askari magereza, akihesabu matonge bila kujua kwamba anahesabu.

* * *

Alilala kwa Mwamina, kwenye mkeka chumba kimoja na binti zake wadogo. Asubuhi na mchana walipika pamoja. Mwamina alijifunza haraka kuliko Edina alivyotarajia. Alijua zaidi kuhusu ladha, akakamua ndimu na kusaga pilipili mahali palipokosa chumvi, na mlenda wake madereva waliusifu bila kujua kuna kilichobadilika. Wanawake wale wawili hawakuwa marafiki. Walizungumza juu ya moto, maji, na nani kalipa. Mara moja tu, wakiwa wanamenya muhogo, Mwamina aliuliza jambo lingine.

"Na watu wa barabarani je?"

"Watu gani?"

"Anaokutana nao. Mabasi, bodaboda. Akianguka akiwa hapa, anaangukia magunia yangu. Akianguka kule?"

Edina aliendelea kumenya. Alikuwa ameliwaza hilo kila siku tangu siku ya nguzo mbili. Alikuwa amelipeleka kanisani, akapiga magoti nalo, akarudi nalo nyumbani. "Unataka niseme nini?" alijibu. "Nimwambie Rahimu? Halafu nimwambie nini Happy?"

Mwamina alichukua muhogo mwingine. Naye alikuwa na watoto, na wateja wake wote walikuwa madereva.

Daktari aliyeletwa na kampuni alikaa kwenye meza kivulini, akawapima madereva mmoja mmoja huku wenzao wakitazama. Kornel alikuwa amekula vizuri, amelala, amemeza vidonge kama inavyotakiwa. Kipimo kilitoa namba ambayo daktari aliisoma mara mbili. Akasema iko juu kidogo, apunguze vitu vitamu, presha nayo aiangalie. Akaweka alama, akaita mwingine. Ilikuwa imekwisha kwa muda mfupi kuliko kubadilisha tairi. Rahimu alimpa Kornel mkono.

"Fiti," alisema Rahimu.

Kornel aligeuka kumtafuta mke wake kwa macho. Edina alikuwa mlangoni mwa jiko. Alingoja furaha imjie, maana ndilo jambo aliloliomba. Kilichomjia ni uzito, kama wa mtu aliyesaidia kufunga mlango akakuta yumo ndani. Siku ileile gari lilipakiwa, likafunikwa turubai, likaondoka kuelekea Nanganga na vumbi lake.

Kabla ya kurudi Nachingwea, alimwomba Mwamina neno. Alikuwa amelitafuna tangu asubuhi.

"Akija hapa, umpikie hivi hivi."

"Nitampikia."

"Na uniambie amekula nini. Si yeye aniambie. Wewe."

Mwamina alifuta mikono kwenye khanga. Kuomba huko kulimgharimu Edina, na Mwamina aliona kwamba kulimgharimu. "Nitakupigia, Mama Happy," alisema. Hakuongeza lolote, na Edina alimshukuru kwa hilo kuliko kwa chakula.

* * *

Ikawa hivyo. Gari likifika Ruangwa, simu ililia Stesheni. "Ameshafika. Nimempa dona, kisamvu, samaki wa kuchoma." Au, "Leo kagoma, anataka chipsi." "Usimpe." "Kanuna." "Mwache anune." Edina alijibu kwa maneno machache, akizima simu alikaa kidogo kabla ya kurudi kwenye shughuli zake. Bibi Lusiana aliuliza ni nani huyo anayepiga mara kwa mara. "Mpishi wa Kornel," alisema Edina, na bibi akatikisa kichwa akistaajabia ukubwa wa mwanawe, kuwa na mpishi.

Kati ya Dar na Tunduma hakukuwa na mtu wa kupiga simu. Huko Kornel alikula alivyojua, na Edina hakuuliza. Lakini kliniki kipimo kilianza kuteremka, polepole, na suruali ya Kornel ikahitaji mkanda. Ule uzito Edina aliuzoea kama mtu anavyozoea ndoo kichwani.

Halafu Kornel akapiga simu akiwa Mtwara. Alizungumza harakaharaka, kama anayetaka kumaliza. Kampuni ilikuwa imepata mzigo mkubwa wa makaa ya mawe kutoka Mbinga kuja bandarini. Magari yote yalihamishiwa huko. Ruangwa hapiti tena, na hata Nachingwea atakuja akipewa ruhusa tu. Kwenda na kurudi, bila foleni, bila kukaa.

"Umewaambia nini?"

"Ningewaambia nini, Mama Happy? Nimesema ndiyo."

Mwamina ndiye aliyepiga baadaye, kabla Edina hajaamua kama atampigia. "Gari lake sijaliona muda sasa. Yuko salama?"

"Wamemhamisha. Anabeba makaa ya mawe. Barabara ya Tunduru."

Nyuma ya sauti ya Mwamina Edina alisikia sahani na madereva wakibishana.

"Sasa huko nani atampikia?" aliuliza Mwamina.

Edina alikuwa uani. Mbele yake dona lilikuwa limeanikwa kwenye mkeka, jua likilichoma, na bibi Lusiana alikuwa akiwafukuza kuku kwa fimbo. Alitazama yote hayo na hakuona jibu ndani yake.

"Wewe hufahamiani na mtu huko?" aliuliza. "Anayepikia madereva?"

Mwamina alisita. "Yupo. Binamu yangu. Ana kibanda Tunduru, pale yanapolala malori. Anaitwa Hafidha."

"Ni mtu wa namna gani?"

Swali lilikuwa wazi, na Mwamina alilielewa. Alichukua muda kulijibu, kwa sababu aliwahi kuamua hatamdanganya mwanamke huyu. "Anapika vizuri. Ni msafi. Lakini ni kijana bado, Mama Happy. Mume wake alimwacha."

Edina alifumba macho. Alibaki hivyo, simu sikioni, mpaka Mwamina akauliza kama bado yupo.

"Nipo," alisema. "Nitajie namba yake."

Mwamina akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, na Edina akairudia nyuma yake kwa sauti, polepole, ili asikosee.